Pua ya Mbwa wa Shaba

Kituo cha treni za chini ya ardhi cha Ploshchad Revolyutsii, jijini Moscow, kina sanamu 76 za shaba nyeusi, kazi ya Matvey Manizer. Miongoni mwazo yumo mlinzi wa mpaka na mbwa wake. Wanafunzi wenzetu wa kule, wakienda kufanya mitihani, humgusa mbwa huyo puani wakiamini watafaulu. Pua imesuguliwa hadi inang'aa kama dhahabu, na inazidi kulika. Je, wana haki ya kufanya hivyo?

Mtu atasema mguso mmoja haudhuru. Ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia hukimaliza. Hakuna awezaye kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeila shaba, ilhali shaba imepungua. Tumezoea maadili yanayomtafuta mtendaji mmoja na mtendewa mmoja. Hapa watendaji ni halaiki, na watendewa ni abiria ambao hawajazaliwa.

Hata hivyo siwalaumu. Sanamu ya makumbusho huwekewa kamba na mlinzi. Hizi ziliwekwa njiani, karibu na mikono ya watu wanaowahi kazini. Aliyeziweka hapo alikwisha kuikubali mikono hiyo.

Tena tukumbuke zilivyopatikana. Kituo kilifunguliwa Machi 1938, mwezi uleule ambao Nikolai Bukharin, mmoja wa viongozi wa mapinduzi yenyewe, alihukumiwa kifo na kuuawa. Sanamu zilikusudiwa kuitukuza dola. Lakini kwa kuwa matao ni ya chini, nyingi zimechuchumaa, zimeketi au zimepiga magoti, na watu wakatania kwamba ndivyo raia wa Stalin walivyo: ama wamekaa, ama wamepiga magoti. (Kwa Kirusi, "kukaa" ni kufungwa jela pia, nasi husema mtu "yuko ndani".) Naona utani huo na mguso ule ni ndugu. Dola iliwaletea askari wa kumstahi; wao wakamchagua mbwa.

Kuizungushia kioo kungeokoa shaba, ila kungeirudisha sanamu kwa walioiagiza. Najua shaba iliyolika hairudi, na abiria wa miaka mia ijayo wakimkuta mbwa asiye na pua watakuwa na haki ya kutuuliza. Lakini ningekuwa huko siku ya mtihani, hata bila kuamini, ningenyoosha mkono.