Zana Mpya na Neno la Kweli

Kutangaza bidhaa ni kuwakutanisha watu wawili: mwenye kitu na mwenye haja nacho. Wazee walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakinunuliwi na mtu asiyejua kwamba kipo. Kwa hiyo kutangaza si aibu. Aibu ni kusifu kisichokuwapo.

Msomaji kijana, huenda kesho ukaishika kazi hii, nayo leo imejaa zana za akili unde. ChatGPT ilitolewa kwa watu wote Novemba 2022. Mwaka 2023 ikaja Bard ya Google. Februari 2024 jina likageuzwa likawa Gemini. Zana zilizoanza kwa kuandika maneno sasa huchora picha na kutengeneza video. Aliyejifunza ya mwaka jana hujiona amechelewa. Je, ni wajibu wetu kuifukuzia kila zana ipitayo?

Wako wanaojibu kwamba si wajibu hata kidogo. Hao wamekosea, maana kukataa kujifunza ni uvivu uliovaa joho la hekima. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa ngeni. Leo ni vigumu kuendesha duka Kitengela bila hiyo. Wengine hukimbilia kila kipya, wakawa hodari wa zana na wageni wa bidhaa. Hao nao wamekosea, na kosa lao huumiza watu.

Tazama matangazo ya ploti za Kitengela, mji uliokua kando ya barabara ya Namanga. Mtangazaji akiiamuru zana imchoree ploti, mara moja itampa barabara ya lami, bomba la maji na bustani ya kijani. Lakini zana haikuukanyaga udongo mweusi wa huko, upasukao wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito wakati wa mvua. Haijui kama maji yapo. Mnunuzi aliyeko Dubai aweza kuiamini picha ile, akatuma akiba ya miaka mingi. Ni nani aliyemdanganya? Si zana, kwa kuwa haina dhamiri. Ni mtu aliyeujua ukweli, au aliyeweza kuujua, akanyamaza.

Katika masoko ya mifugo ya Kajiado, mnunuzi mwangalifu hasikilizi sifa tu. Hufungua kinywa cha ng'ombe akatazama meno. Ipime zana mpya vivyo hivyo. Uliza inafanya nini, inakosea wapi, nani atadhurika ikikosea. Ikikufaa, jifunze, isipokufaa, iache ipite bila majuto. Lakini kabla ya kuandika tangazo, nenda ukaione ploti kwa macho yako. Zana utaibadilisha mara nyingi maishani. Mnunuzi uliyemdanganya mara moja harudi, na fedha zake huenda zisirudi kamwe.