Mkazi ni Nani Moto Ukiwaka?

Matangazo ya mikutano ya mtaa, upande huu wa Nairobi wa kutoka Kilimani hadi Lavington, yana sentensi moja isiyobadilika: wakazi wote mnakaribishwa. Hubandikwa kwenye lifti, karibu na ile karatasi ya kukumbusha watu wasitupe nepi chooni, kisha hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko watu wengi wa umri wangu, kwa sababu tangu niache chuo, moja ya vibarua vinavyonilipia kodi ni kuandika kumbukumbu za vikao vya vyama vya wakazi. Nalipwa kwa kikao. Wasee wangu hucheka nikiwaambia. Lakini ukitaka kujua jiji hili linavyofikiri, keti saa tatu nzima ukisikiliza watu wazima wakibishana nani alipie ukarabati wa pampu.

Kwa Kiswahili cha kawaida, mkazi ni mtu anayekaa mahali. Kwa Kiswahili cha katiba za vyama hivi, mkazi ni mtu mwenye risiti. Mwenye nyumba anapiga kura. Mpangaji anaweza kuja, na akaongea mwenyekiti akimruhusu. Mwenye deni la ada ya huduma ananyamaza hadi alipe. Halafu kuna wale ambao hata kwenye kundi la WhatsApp hawamo: soja wa getini, keyateka, dada anayelala kile chumba kidogo nyuma ya jikoni, mama fua wa Jumanne na Ijumaa. Ukihesabu kwa saa, soja anakaa kwenye kampaundi saa 72 kwa wiki, zamu 6 za saa 12. Katika jengo hilohilo kuna mwenye nyumba anayeishi Minnesota, na kura yake hufika kwa barua pepe.

Kwa mambo mengi, hilo halinisumbui. Rangi ya ukuta, sijui taa za parking ziwe za aina gani, wacha waamue wanaolipa. Moto ndio ulionifanya nianze kuuliza.

Anayeishi karibu na Ngong Road anajua Januari na Februari zilivyo. Mvua za vuli zimekwisha, nyasi zimekauka, na mtu yeyote mwenye takataka na kiberiti anaweza kukuletea shida. Msitu wa Ngong Road uko hapohapo, Karen upande mmoja na Kibera upande mwingine, na Southern Bypass imeupasua. Mwaka fulani moto wa nyasi ulifika hadi ukuta wa nyuma wa jengo moja ninaloliandikia. Hakuna aliyeumia. Nyasi ziliisha, moto ukafa wenyewe. Lakini chama kilishtuka, na kikao kilichofuata kikawa na ajenda mpya: maandalizi ya moto.

Mzee mmoja mstaafu akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa amelikwepa. Funguo za geti la nyuma ziko na nani? Tulikuwa watu 19 mle ndani. Hakuna aliyejua. Ikabidi soja aitwe. Akaingia ameshika kofia mkononi, akasimama kando ya mlango, akajibu: "Ziko na keyateka, mkubwa. Akienda nyumbani jioni anazibeba. Anakaa Kawangware." Kimya. Mama mmoja akamuuliza kama kuna kitu kingine. Kilikuwepo, tena vingi. Ngazi ya dharura kwenye ghorofa ya tatu imezibwa na kochi na baiskeli za watoto. Pampu ya kisima inatumia stima, kwa hivyo stima ikipotea, ule mpira mwekundu wa kuzimia moto hauna maji. Mitungi ya kuzima moto iko, lakini ya ghorofa ya chini imefungiwa stoo kwa sababu iliwahi kuibwa. Aliongea dakika kama 4. Wakamshukuru, akarudi getini.

Nilikuwa nimeandika jina lake. Mwenyekiti akaniinamia na kunong'ona, kwa upole kabisa: "Kijana wangu, huyo si mwanachama. Andika tu, kikao kilifahamishwa."

Kikao kilifahamishwa. Hebu tazama kitenzi hicho kinavyofanya kazi. Kiswahili kina uwezo huu mzuri wa kumwondoa mtu na kuacha tendo limesimama peke yake. Imesemekana. Ilionekana. Ilifahamika. Maarifa yapo, mwenye maarifa hayupo. Ukisoma kumbukumbu hizo miaka 10 kutoka sasa utadhani habari ile iliingia chumbani kupitia dirishani.

Ni rahisi kumfanya mwenyekiti huyu kuwa mtu mbaya, na si mtu mbaya. Hoja yake nimeisikia kwa vikao vingi, na ina uzito. Anasema chama hakina mshahara, kinaendeshwa na watu wanaotoa jioni zao bure, na kitu pekee kinachokishikilia ni kwamba anayeamua ndiye anayelipa na ndiye atakayebaki. Soja anaweza kuhamishwa kesho na kampuni yake. Mpangaji anaweza kuhama mwisho wa mwezi. Ukiwapa kura watapitisha mambo mazuri ya gharama kubwa, kisha waende zao. Mimi mwenyewe nimeshahama kejani mara 4 tangu niache chuo, kwa hivyo siwezi kusema anatudanganya.

Lakini hoja hiyo ni ya pesa. Inajibu swali la nani alipe, kisha inajifanya imejibu swali la nani afe. Hayo ni maswali mawili. Kuna kanuni ya zamani kwenye sheria ya Kirumi kwamba jambo linalowagusa wote linapaswa kukubaliwa na wote. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliitaja alipowaita maaskofu kwenye bunge la mwaka 1295. (Alikuwa anatafuta pesa za vita, kwa hivyo hata yeye, ukweli usemwe, alikuwa anakusanya ada.) Wanafalsafa wa siku hizi bado wanabishana kuihusu, na shida yake inaonekana upesi: karibu kila kitu kinamgusa kila mtu. Moshi hauna mipaka. Tukiifuata hadi mwisho, mkutano wa jengo moja Kilimani utahitaji kuhudhuriwa na watu 4,397,073, ile hesabu ya Nairobi katika sensa ya 2019, na bado viti vya plastiki havitatosha.

Kwa hivyo mimi nimejiwekea kipimo kidogo zaidi. Kwa mambo ya moto, nauliza: saa nane usiku, nani atakuwa ndani? Huyo ana haki ya kuongea na kuandikwa. Mwenye nyumba wa Minnesota ana haki ya kuamua kuhusu pesa zake. Dada anayelala nyuma ya jikoni, karibu na mtungi wa gesi kuliko mtu yeyote katika familia hiyo, ana haki ya kujua funguo ziko wapi na kusema kama haziko.

Mtu ataniambia kwamba kuongea hakuzimi moto. Ni kweli, na jiji hili lina ushahidi. Mradi, Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kituo cha kujazia gesi kililipuka katikati ya makazi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya kawi, EPRA, ilitoa taarifa kwamba maombi ya kibali yalikataliwa mara 3 mwaka 2023, na mojawapo ya sababu ilikuwa wingi wa watu wanaoishi pale. Yaani hatari ilijulikana, na hata ikaandikwa, ofisini. London ni mbaya zaidi kwa hoja yangu. Wakazi wa Grenfell Tower walikuwa na kikundi chao, kikaandika na kulalamika kuhusu usalama wa moto, na mnamo Novemba 2016 kikaonya waziwazi kwamba huenda ni maafa makubwa tu yatakayowaamsha watu kuhusu wasimamizi wa jengo. Tarehe 14 Juni 2017 jengo likawaka. Watu 72 walikufa.

Basi kiti kina faida gani? Nimelifikiria hili sana. Nadhani faida yake ya kwanza si kwamba utasikilizwa. Ni kwamba hakuna atakayeweza kusema hakuambiwa. Maneno ya wakazi wa Grenfell yalibaki, yenye tarehe, na baada ya moto hakuna meneja aliyeweza kuyafuta. "Kikao kilifahamishwa" haina nguvu hiyo. Nani alikifahamisha? Lini? Akaambiwa nini? Sentensi isiyo na mtu haiwezi kuitwa shahidi.

Halafu kuna jambo la funguo. Nairobi inapaswa kuwa jiji linalojua kuhusu funguo kuliko jiji lolote. Januari 2009 supamaketi ya Nakumatt Downtown iliungua hapa katikati ya jiji, mwendo mfupi tu kutoka kituo kikuu cha zimamoto cha Tom Mboya Street. Watu karibu 30 walikufa, na walionusurika walisimulia kuhusu milango iliyofungwa. Sasa fikiria umbali kutoka Tom Mboya Street hadi Kilimani saa kumi na mbili jioni, Ngong Road ikiwa imeshikana. Kuna kituo kingine Waithaka, kule Dagoretti, lakini jam haiulizi unatoka upande gani. Zile dakika za kwanza, mtu wa zimamoto wa jengo lako ni soja. Hakuchaguliwa wala hakufunzwa, na hayumo kwenye kumbukumbu, lakini ni yeye.

Kenya ina Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007, zinazotaka mahali pa kazi pafanyiwe mazoezi ya kutoka nje wakati wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Mahali pa kazi. Wanachama husema, sisi hapa ni nyumbani. Sawa, ni nyumbani kwako. Kwa soja, keyateka, mama fua na dada ni kazini. Kwa maoni yangu, kama kuna mtu katika jengo lile ambaye sheria ilimfikiria, ni hao ambao hawana kiti.

Ajabu ni kwamba ng'ambo ya ukuta, msituni, sheria ilishalitatua swali hili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu watu wanaoishi karibu na msitu kuunda chama na kushiriki kuusimamia: anayeokota kuni, anayekata nyasi, anayefuga nyuki. Hakuna anayewaomba hatimiliki. Na mojawapo ya kazi walizopewa ni kusaidia kuzima moto. Aliyeandika hiyo sheria alielewa kwamba ukitaka mtu akimbilie moto, lazima kwanza umhesabu.

Najua tuna Nyumba Kumi pia, iliyoletwa 2013 kwa kunakili mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, na ambayo haimuulizi mtu risiti. Lakini hapa ilisukumwa kwa kasi baada ya Westgate, ikiwa na harufu ya usalama, na watu wengi ninaowajua wanaiona kama sikio la chifu. Mtu hafungui moyo mbele ya sikio.

Sitaki pia kuipaka Kawangware sukari. Moto ukitokea kwenye ploti za mabati, watu hutoka na ndoo na mchanga na kubomoa mabati ya jirani ili kuukatia moto njia, kabla hata king'ora hakijasikika. Nimeona. Nimeona pia TV za watu zikitembea gizani na wasiokuwa wenyewe. Na vichochoro vingine havipitishi mkokoteni, sembuse gari la zimamoto. Wanachokuwa nacho ni kitu kimoja: hakuna anayesubiri kuulizwa kama ni mwanachama. Keyateka wetu analala huko, na funguo zetu mfukoni, na kama moto ungetokea pande zote mbili usiku mmoja sijui angekimbilia wapi. Kweli, najua. Angewakimbilia watoto wake.

Kwenye kikao cha mwezi uliofuata, yule mama aliyeuliza kama kuna kitu kingine alipendekeza soja na keyateka wawe na kiti kila mara ajenda ya moto ikifika. Walibishana karibu saa nzima. Mmoja akasema ni kufungua mlango, kesho watadai nyongeza. (Huenda, na labda wangekuwa na sababu.) Mwingine akauliza kama watapewa chai. Mwishoni ikapita, kura 11 kwa 6, kwa sharti kwamba wataingia kwa ajenda hiyo moja kisha watoke. Nikaiandika kwa majina ya wote wawili, na safari hii mwenyekiti hakusema kitu.

Soja akaitwa aambiwe habari njema. Akasikiliza, akashukuru, kisha akauliza: "Na nikiwa huku ndani, mkubwa, getini atakuwa nani?"

Hilo halikuwa kwenye ajenda. Walizunguka nalo kidogo, mzee mstaafu akacheka peke yake, na hatimaye ikaamuliwa kwamba kikao kijacho kifanyike pale getini, viti vitolewe nje. Ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana. Keyateka ameambiwa aje na funguo.