Jiko la Zamani: Litengenezwe au Linunuliwe Jipya?

Somo: Walawi 14:33–48, Luka 14:28–30

Baridi ya Julai imefika na majiko ya mkaa yameanza kuingia ndani ya nyumba. Mama mmoja aliniuliza baada ya ibada: jiko lake limepasuka udongo wa ndani, fundi ameshalitengeneza mara mbili, je, alitengeneze tena ama anunue lingine? Waliokuwa karibu walicheka. Mimi naona hilo ni swali la Biblia kabisa.

Fungua Walawi 14. Mungu anawapa Waisraeli utaratibu wa nyumba iliyoshikwa na pigo ukutani. Mwenye nyumba hajiamulii, anaita kuhani. Kuhani naye haji na nyundo mkononi. Vyombo vinatolewa nje kwanza, anakagua, anaifunga nyumba siku saba, halafu anarudi. Pigo likiwa limeenea, yanang'olewa yale mawe mabaya tu, kuta zinakwanguliwa, mawe mengine yanawekwa na nyumba inapakwa upya. Hiyo ni ripea, wapendwa, na Mungu ndiye aliyeiagiza! Lisiporudi, kuhani anatangaza nyumba ni safi, watu wanaendelea kukaa. Likirudi, inabomolewa yote, mawe, miti na chokaa, inatupwa nje ya mji.

Sasa tulete jikoni. Kama bati ni zima na ni udongo tu umepasuka, fundi wa jua kali aweke mwingine. Usitupe. Lakini bati likiwa limeoza chini hadi makaa yanadondoka sakafuni, hapo pigo limerudi ukutani. Jiko la huyo mama lilikuwa hivyo, na nilimwambia aliache.

Wengi hukwama kwa ajili ya pesa iliyokwisha kutoka. "Nimelitengeneza mara mbili, nitaliachaje?" Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa kwamba pesa hiyo haiingii tena kwenye hesabu, maana hairudi ukitengeneza wala ukinunua. Yule mtu wa mnara katika Luka 14 anaketi kuhesabu gharama iliyo mbele yake. Tuseme jiko bovu linakula mkaa wa shilingi 80 kwa siku, na zima linakula wa 60. Jipya la shilingi 800 limejilipa kwa siku 40. (Wale ambao jiko lao ni zima ila jirani ameweka lake jipya kwa status, tutaongea siku nyingine.)

Lakini kuna hatari ambayo hata jiko jipya haliondoi. Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Jiko lolote la mkaa, la jana au la shosho, linaweza kuua familia nzima iliyolala madirisha yamefungwa. Ukiwa karibu na jiko, kichwa kianze kuuma na uone kizunguzungu, usikae hapo ukikemea pepo. Toa watoto nje kwanza, halafu tutaomba. Ona mstari wa 36: vyombo vilitolewa kabla kuhani hajaingia. Mungu alijali hata vyungu vya watu, seuze watoto wako.

Kwa hiyo wiki hii, likiwa la zamani au jipya, jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezima.