Timoteo na Walezi Wake

Mche hukua kwa udongo ulimopandwa na kwa mvua itokayo mbali. Ndivyo alivyo mtoto: nyumba humlea, na kijiji humlea.

Timoteo alikuwa mtu wa Listra, mji wa nchi iitwayo leo Uturuki. Baba yake alikuwa Mgiriki. Mama yake, Eunike, alikuwa Myahudi aliyemwamini Yezu Kristu. Mbele ya mji huo lilisimama hekalu la Zeu, na humo Paulo Mtume alipigwa mawe, akaburutwa nje kama maiti.

Lakini nyumbani mtoto alisikia sauti nyingine. Nyanya yake Loisi na mama yake walikuwa watu wa imani, naye akayajua Maandiko Matakatifu tangu utoto. Tena ndugu waamini wa Listra na Ikonio walimtazama, wakamshuhudia kuwa mwema. Paulo aliporudi, akamchukua awe mwenzake wa kazi.

Basi mama anayesali peke yake nyumbani asikate tamaa. Mtoto hafundishwi na katekista tu. Jioni huona jinsi baba anavyomjibu mama. Huona kama deni linalipwa, kama jirani mgonjwa anachotewa maji. Hiyo ndiyo katekisimu yake ya kwanza. Naye Mkristo akimwona mtoto wa mwingine katika njia mbaya, asiseme, "Huyo si wangu." Ndugu wa Listra hawakumzaa Timoteo.

Mkatekumeni mwenye mtoto asingoje siku ya ubatizo wake. Usiku huu, kabla ya kulala, amwite karibu na moto, amfundishe ishara ya msalaba.