Ujira na Mapenzi ya Umati

Watu wengi husadiki kwamba timu ilipayo wachezaji wake vizuri haina budi kupata watazamaji wengi. Mitaa ya mashariki ya Nairobi yatufundisha kupima neno hili kabla ya kulikubali.

Timu ya Tusker hutegemezwa na kiwanda cha bia, nayo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2016 na mwaka 2021. Lakini watazamaji wake ni wachache. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, iliachwa na mdhamini wake mwaka 2019, na wachezaji wake wakakaa kwa muda bila mishahara. Hata hivyo wapenzi wake hawakuihama. Huko Ziwani, mashindano ya Koth Biro, yaani "mvua yaja" kwa Kijaluo, huchezwa penye vumbi, na majirani hujazana mpaka kwenye mistari ya uwanja.

Basi fedha hununua ustadi. Mapenzi huzaliwa na ujirani na kumbukumbu.

Lakini jihadhari, ewe msomaji! Katika kweli hiyo hutokea kosa kubwa: kudhani kwamba mchezaji apendwaye hahitaji kulipwa. Shangwe hazipikwi chunguni, wala hazilipi kodi ya nyumba. Ujira haununui mapenzi, wala mapenzi hayafuti ujira. Arukaye ukuta wa uwanja ili asitoe kiingilio, kisha akalilia ushindi, adai jasho la mwenziwe bure. Na huo si upenzi, ni dhuluma iliyovaa rangi za timu.