Mpaji wa Kipaji

Umeme ulikuwa umekatika upande mmoja wa nyumba ninayopanga hapa Tumbi, Kibaha, siku ya tatu hiyo. Nikampigia jamaa wa duka la vifaa vya umeme, akanijibu, "Fundi anakuja sasa hivi." Akaja binti wa miaka ishirini na kitu, begi la vifaa begani, testa imechomoza mfukoni. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu," nikamjibu, kisha nikachungulia nyuma yake kumtafuta fundi.

Aliniona. Hakusema kitu, akauliza tu mita iko wapi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mwanamume niliyekuwa nikimtafuta alitoka wapi? Hakutoka kwenye sarufi. "Fundi anakuja" haina uke wala uume ndani yake. Kiambishi kile kile humbeba baba, mama, hata mbuzi. Mwarabu hulazimika kuchagua mapema, na Mwingereza naye hunaswa akifika kwenye kiwakilishi. Sisi Kiswahili kimetusamehe uchaguzi huo, na bado nafsi yangu ilichagua bila kuombwa.

Nadhani alitoka kwenye neno jingine, nalo ni kipaji. Tunalitamka kama jina la kitu kilichozaliwa pamoja na mtu, mfano wa rangi ya macho: fulani ana kipaji cha hesabu, fulani hana. Lakini neno lenyewe linatubishia. Limo ndani yake tendo la kupa. Kilichotolewa kina aliyekitoa, na mpewaji hawezi kuwa peke yake. Mcha Mungu atasema Mpaji ni mmoja, nami sina ugomvi naye. Ila fizikia niliyosoma shuleni haikunishukia kwa maono. Ilinifikia kwa mkono wa mwalimu, kwenye meza ya maabara, jioni ambazo nilikuwa sijatumwa kuchota maji wala kubembeleza mtoto.

Mahali pa kulitafakari jambo hili ni hapa hapa. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa changa, nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha hapa Kibaha mradi uliounganisha shule, afya na kilimo. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Watanzania, na leo tunaujua kama Shirika la Elimu Kibaha. Shule yake ya wavulana ni miongoni mwa zile tunazoziita shule za vipaji maalumu. Wasichana nao wana shule yao ndani ya Shirika hilo hilo, shule nzuri, lakini haimo katika orodha hiyo. Za wasichana zenye jina hilo ni Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana. Kwa hiyo mtoto wa kike wa Tumbi akifaulu kupita wote, kipaji chake hupandishwa basi la Morogoro. Kaka yake hutembea kwa miguu. Sisemi kuna aliyekusudia kumwonea. Mvulana wa Dodoma naye husafiri. Nasema tu kwamba kumbe kipaji kina anwani, na anwani hiyo iliandikwa na watu.

Plato, katika Jamhuri, alimpa Sokrate mfano ninaoupenda kuliko risala zote za usawa. Wenye upara na wenye nywele wana maumbile tofauti; je, mwenye upara akiwa mshona viatu, tumkataze mwenye nywele kushona? Tofauti inayohesabika ni ile inayogusa kazi yenyewe. (Hapo hapo aliongeza kwamba kwa jumla mwanamke ni dhaifu kuliko mwanamume, hata hoja nzuri huburuta mkia wa zama zake.) Lakini hoja hiyo hufungua mlango tu. Haiulizi nani amefika mlangoni akiwa na viatu miguuni.

Hapo ndipo Azimio la Musoma linapotufundisha kuliko Plato. Novemba 1974 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja: apitie jeshi la kujenga taifa, afanye kazi, apate mapendekezo kazini na kwenye chama. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Lilikuwa na nia njema, tena nadhani lilikuwa na hekima yake. Lakini miaka ile ya kungoja haikuwa mizigo sawa. Kijana wa kiume alingoja akiwa kazini. Binti alingoja huku posa zikibisha hodi, na baada ya posa, mtoto. Idadi ya wanawake chuoni ikaporomoka, na haikupita miaka mingi serikali ikawaruhusu waingie bila kungoja. Sheria isiyomtaja mwanamke popote ilikuwa imemwondoa, kama vile neno "fundi" lisivyotaja mwanamume na mimi nikamwona.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973, na kwa miongo mingi wasichana darasani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Baadaye chuo kikaanzisha masomo ya awali kwa wasichana waliokaribia kufikisha alama: wiki kadhaa za hesabu na fizikia, kisha mtihani, kisha ndiyo kuingia. Minong'ono haikukosekana. Huyu kapita kwa upendeleo.

Minong'ono hiyo naichukua kwa uzito, kwa sababu daraja halina huruma. Nguzo haiulizi nani aliipigia hesabu, hubeba au huanguka. Kwa hiyo alama za kutokea lazima ziwe zile zile, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Lakini wasichana wale hawakuongezewa alama. Waliongezewa muda, na muda ndio hasa kaka zao walikuwa wamepewa mapema, kimyakimya, bila mtu kuuita upendeleo. Hata baada ya shahada mambo hayaishi: Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu, na Norway, ile ile ya Kibaha, iliwahi kuchangia gharama za wahitimu wa kike ndani yake.

Jirani yangu anapandisha ghorofa. Jumamosi walimwaga zege, na mama mmoja alikuwa akileta maji kichwani, akilipwa kwa ndoo. Niliposimama kutazama, nilimsikia akimwambia kijana wa koleo, "Usiongeze, baba, litalegea hilo." Ni kweli: maji yakizidi, zege hupoteza nguvu, na darasani kuna hesabu nzima ya uwiano wa maji na saruji. Kijana alicheka, akamwambia alete ndoo nyingine. Mama akaenda kuileta. Ndoo hiyo ilikuwa pesa yake, na alikuwa amejaribu kuikataa.