Kabla Hujaandika Jumla

Kaa, mwanangu. Mvua hii haikatiki leo, na humu ndani fomu yako haitalowa. Najua paroko anataka takwimu za mwaka kabla ya Jumapili. Nimeisoma uliyoniletea. Kwenye safu ya waamini umechukua namba ya mwaka jana ukaongeza kumi, na aliyekutangulia alichukua ya mwaka juzi akaongeza kumi vilevile. Watu hawazaliwi hivyo, wala hawafi hivyo. Mwaka huu, pamoja na magoti yangu haya, nimefika makaburini mara nne kuwazika wenzetu wa kigango hiki. Kwenye fomu yako sijaona hata mmoja aliyetoka.

Sikukaripii. Nguvu za kukaripia zimeniishia, na tena kosa hili nililifanya kabla yako. Nilikuwa katibu wa kigango kimoja njia ya kwenda Inyonga. Mwaka mmoja mito ilijaa, nikaona tabu kuzungukia jumuiya, nikakaa na taa ya chemli nikanakili ya mwaka uliopita. Baada ya Pasaka padre akaniuliza habari za mama mmoja mjane, aliyezoea kuketi benchi la tatu upande wa akina mama. Nikamjibu yupo, hajambo. Nilijibu hivyo kwa kuwa daftarini yupo. Padre akaniambia twende tukamsalimie. Tulimkuta kitandani, huo ukiwa mwezi wa nane tangu augue, amekonda hata kitenge kinamzidi. Hakuna aliyempelekea komunyo, hakuna aliyempelekea kuni. Maji alikuwa anachotewa na jirani wa dhehebu lingine. Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, kama jumuiya bado inasali Alhamisi. Tangu siku ile sijaandika jumla kabla ya kusoma majina.

Usidhani kuna mwingine atakayetuhesabia. Sensa ya taifa haijamuuliza Mtanzania dini yake tangu ile ya mwaka 1967. Anayetaka kujua Wakristo wa bonde hili ni wangapi atategemea daftari lako, na la mchungaji wa Moravian, na la Waanglikana, na la ndugu zetu Wapentekoste. Na mkoa huu si wa kunakili. Mwaka 2012 sensa ilikuta Katavi watu 564,604. Mwaka 2022 ikakuta 1,152,958. Ndani ya miaka kumi tumezidi mara mbili! Hao hawakuzaliwa wote hapa. Wameshuka na ng'ombe kutoka Usukumani, wamefuata mpunga Mpimbwe, wamefuata tumbaku na dhahabu. Mmoja wao anaketi nyuma kabisa karibu na mlango, cheti chake cha ubatizo kimeandikwa Shinyanga, hana jumuiya, na hakuna aliyemuuliza jina. Wewe umeongeza kumi, mwanangu, na yeye hayumo katika hao kumi.

Mahudhurio nayo umeyachukua ya Krismasi. Krismasi hata mti wa nje ya kanisa unakuwa na watu. Hesabu Jumapili ya kawaida. Hesabu ile ambayo padre yupo, na ile ambayo katekista anaongoza ibada peke yake. Hesabu mwezi kama huu, ambapo nusu ya kaya zimehamia vibandani shambani, kisha urudie Julai mavuno yakiwa yameingia. Zamani tulikuwa na mzee wa mlangoni aliyehamisha maharage toka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto kwa kila mtu mzima aliyeingia, na punje za mahindi kwa watoto. Ibada ikiisha tunamwaga mezani, tunahesabu mara mbili, tunaandika na tarehe. Ukipata pungufu kuliko mwaka jana, andika pungufu. Pembeni andika na sababu.

Najua kuna wanaokuvuta. Nimekaa halmashauri ya walei miaka mingi, nimesikia yote. Mchango wa tegemeza ukipangwa kwa idadi ya kaya, mwenyekiti mmoja anakunong'oneza upunguze, tusije tukabebeshwa mzigo. Kigango kikitamani kuwa parokia, yuleyule anakwambia uongeze. Miaka miwili, mdomo mmoja, namba mbili! Kisha karatasi inakwenda jimboni, na jimbo hili la Mpanda, lililozaliwa mwaka 2000 kutoka Sumbawanga, linapanga padre aende wapi na pikipiki ya katekista iende wapi kwa kufuata karatasi hizo. Kutoka jimboni inakwenda hadi Roma, ambako kila mwaka wanachapa takwimu za Kanisa la dunia nzima kama zilivyokuwa tarehe 31 Desemba. Lakini Roma ni mbali. Mimi namsemea mgonjwa wa ng'ambo ya mto, ambaye padre hakumfikia kwa sababu kaya yake ilifichwa tuokoe mchango.

Sasa sikiliza na hili, maana ndilo lililonifanya nikuite. Kule Karema, ziwani, Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1885 wakakabidhiwa ngome ya Wabelgiji. Walipokea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walikuwa wamehesabiwa sana njiani, kwa vichwa, kama pembe za ndovu. Adrian Atiman, yule mganga aliyetibu watu Karema toka 1889 hadi alipofariki 1956, naye aliuzwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi. Hebu fikiri mtu wa namna hiyo anapoona kitabu cha ubatizo kinafunguliwa, na swali la kwanza ni jina lake nani. Daftari ulilolishika ni mjukuu wa vitabu hivyo.

Lakini jina linaweza pia kuua. Katumba pale, na Mishamo, kuna wazee waliotoka Burundi mwaka 1972, wakati watu waliposomwa majina, wakachukuliwa, wasirudi. Mmoja wao aliniambia miaka ya nyuma kwamba mtu akija nyumbani kwake na karatasi, tumbo linamshika. Wengi wa hao ni raia wenzetu leo, vyeti wamepewa tangu 2014, ila tumbo halina uraia. Kwa watu hawa usifike na kalamu mkononi. Keti, kunywa maji, eleza unaandika kwa ajili gani, na nani atasoma. Akikataa leo, mwache, rudi siku nyingine bila daftari.

Ndiyo maana nimeumia kuona ukurasa wa daftari umepigwa picha ukatumwa kwenye kundi la simu la kwaya. Pale palikuwa na majina, na nani hajafunga ndoa, na nani hajatoa zaka. Sasa kila mtu anayo. Hata serikali ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2022. Sisi tulipaswa kuwatangulia. Futa uliyotuma. Kisha nenda kwa wale uliowaaibisha, mmoja mmoja, uwaombe radhi. Daftari likae kabatini, ufunguo mmoja kwako, mwingine kwa katekista.

Fomu hiyo iache tupu kwanza. Paroko nitamweleza mimi, atatupa wiki moja. Kesho mvua ikikatika tunaanza na jumuiya ya ng'ambo, ile ambayo hujawahi kufika. Mwenyekiti wake atatungoja kivukoni. Chukua daftari na penseli, wino uache, maana majina mengine tutayauliza mara mbili. Nyumba ya kwanza ni ile yenye mwembe uliokatwa. Mwenye nyumba sijamwona kanisani tangu Septemba.